Nani anakuambia umeshiba? Historia ya protini ya njaa

SEHEMU YA 1: Majina tunayoipa njaa

Mama mwenzangu, hebu hesabu majina tunayoipa njaa ya mtu. Mtoto akiomba sahani ya pili, ni mlafi. Akikataa uji, anadeka. Mzazi wa wiki tatu akiamka saa nane usiku kutafuta kiporo, wifi anamwambia "utaumuka kama andazi". Na yule aliyejinyima mwezi mzima akapungua, halafu kilo zikarudi zote na nyongeza juu, tunasema hana msimamo.

Mimi ni muuguzi, maneno haya nayasikia kliniki kwenye foleni ya mizani. Leo nataka tuyaangalie kwa njia ya historia, kwa sababu hata wataalamu wakubwa walisema hivyo hivyo kwa miaka mingi, mpaka panya wachache walipowaumbua. Nimegawa sehemu nane. Soma moja, nyonyesha, rudi usome nyingine. Haiendi popote.

SEHEMU YA 2: Mvulana wa Vienna

Mwaka 1901, katika mji wa Vienna, daktari Alfred Fröhlich aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeumwa kichwa, macho yakapungua nguvu, na akanenepa kwa kasi. Alikuwa na uvimbe chini ya ubongo, karibu na tezi ya pituitari. Madaktari wakabishana miaka mingi: unene umetoka kwenye ile tezi, au kwenye ubongo uliokandamizwa juu yake?

Jibu lilipatikana Chicago mwaka 1940. Watafiti wawili, Hetherington na Ranson, waliharibu kipande kidogo sana cha ubongo wa panya bila kuigusa tezi. Panya wakala, wakanenepa kupita kiasi. Kipande hicho kipo ndani ya haipothalamasi, sehemu yenye ukubwa wa kama lozi, chini katikati ya ubongo. Ndiyo inayosimamia joto la mwili, kiu na njaa.

Mwaka 1951, daktari kutoka India aitwaye Anand, akiwa Chuo Kikuu cha Yale pamoja na Brobeck, aliharibu sehemu ya pembeni ya haipothalamasi hiyo hiyo. Sasa sikia: panya wakaacha kula kabisa. Chakula kipo mbele ya pua, na bado walikonda, wengine mpaka wakafa.

Panya hao hawakuwa walafi wala hawakuwa wanadeka. Amri ya kula na amri ya kuacha zinatoka mahali fulani kichwani, na mahali hapo pakiguswa, tabia yote inageuka.

SEHEMU YA 3: Wanaume 36 wa Minnesota

"Sawa nesi, huyo ni panya. Mtu ana akili yake." Swali zuri. Twende Marekani, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili.

Ulaya ilikuwa na njaa kali na hakuna aliyejua vizuri namna ya kuwalisha watu waliokonda mpaka mifupa. Mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota akapata vijana 36 wa kujitolea. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao, lakini walitaka kusaidia. Yaani kama ni msimamo, hawa walikuwa nao wa kutosha. Kuanzia Februari 1945 walilishwa nusu shibe kwa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao.

Angalia kilichotokea vichwani mwao. Waliota chakula. Walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walilamba sahani. Walikasirika haraka, walisikia baridi hata wakati wa joto, mapigo ya moyo yakashuka. Na waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula kiasi cha kutisha, na bado walisema njaa haijaisha. Mafuta ya mwili yalirudi na kupita yale ya mwanzo.

Sasa mkumbuke yule dada aliyejinyima mwezi mzima akarudi kunenepa. Hao 36 walikuwa vijana wenye afya waliochaguliwa kwa uangalifu, na miili yao ilifanya vile vile.

SEHEMU YA 4: Nani anaandika barua?

Likabaki fumbo. Haipothalamasi iko kichwani, akiba ya mafuta iko tumboni na mapajani. Ubongo unajuaje akiba imebaki kiasi gani?

Fikiria nyumba yenye stoo ya mahindi. Mama yuko jikoni, hawezi kwenda kuhesabu magunia kila saa. Lazima mtunza stoo alete taarifa: yamejaa, yamepungua, yamekwisha. Mwaka 1953 Mwingereza Kennedy alipendekeza hivyo: mafuta yenyewe hutuma taarifa kwenye ubongo. Lakini taarifa hiyo ni kitu gani? Hakuna aliyeiona.

Hapa ndipo wanapoingia panya wa Bar Harbor, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Maine, Marekani. Huko kuna Jackson Laboratory, maabara inayozalisha panya wadogo wa utafiti. Mwaka 1949 wafanyakazi waliona panya wa ajabu kwenye boma moja. Alikula bila kuacha, hakujishughulisha sana, hakuzaa, na uzito wake ungeweza kufika mara tatu ya wenzake. Hali hii ilirithiwa, ikapewa jina "ob". Miaka ya 1960 ikaonekana aina ya pili, mnene vile vile na mwenye kisukari kikali, ikaitwa "db".

Mkanada mmoja, Douglas Coleman, alikuwa amekwenda Bar Harbor kwa nia ya kukaa mwaka mmoja au miwili tu. Akabaki kazi yake yote. Alifanya jambo linaloshtua kulisikia: aliwashona panya wawili ubavu kwa ubavu, damu ya mmoja ikapita kidogo kwa mwenzake. Tafuta kalamu uandike, maana uzuri wote uko hapa.

Jozi ya kwanza: panya wa kawaida na db mnene. Yule wa kawaida aliacha kula, akafa kwa njaa, na mwenzake mnene hakubadilika. Kwa hiyo damu ya db imejaa kitu kinachosema "tumeshiba, acha kula", ila db mwenyewe hakisikii.

Jozi ya pili: panya wa kawaida na ob mnene. Ob akapunguza kula, akapungua uzito. Kwa hiyo ob anasikia vizuri, ila hana taarifa yake mwenyewe. Ameipata kwa mwenzake.

Jozi ya tatu, mwaka 1973: ob na db, wote wanene. Ob akaacha kula mpaka akafa. Db akaendelea kunenepa.

Umeliona jibu? Ob hana mtunza stoo wa kuandika barua. Db anaye, anaandika barua usiku na mchana, lakini nyumbani hakuna mwenye macho ya kusoma.

Wengi hawakumwamini Coleman. Iliaminika kwamba unene ni ulafi na uvivu, basi. Na yeye hakuweza kukionyesha kile kitu, maana vifaa vya kukikamata ndani ya damu havikuwepo bado. Akasubiri zaidi ya miaka 20.

SEHEMU YA 5: 1994, barua inapatikana

Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, daktari Jeffrey Friedman na wenzake walianza kuitafuta jeni iliyoharibika kwa panya ob. Iliwachukua kama miaka minane. Desemba 1994 wakatangaza: jeni imepatikana, na inafanya kazi ndani ya seli za mafuta. Inatengeneza protini ndogo inayoingia kwenye damu na kupanda mpaka kwenye ubongo. Wakaiita leptini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "-embamba".

Mwaka 1995 wakawadunga panya ob leptini. Ndani ya wiki mbili walipoteza karibu asilimia 30 ya uzito. Panya db walipodungwa, hakuna kilichobadilika. Muda mfupi baadaye kipokezi cha leptini, yaani yale "macho ya kusoma barua", kilipatikana, na kwa panya db kilikuwa kibovu. Kila alichokisema Coleman kilikuwa kweli. Mwaka 2010 yeye na Friedman walipewa kwa pamoja tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa za utabibu duniani.

Na sisi wauguzi tukalazimika kujifunza upya: mafuta ya mwili siyo mzigo uliokaa kimya. Yanaongea.

SEHEMU YA 6: Mabishano ya jikoni

Leptini ikifika kwenye haipothalamasi inakuta makundi mawili ya seli za neva, kama wake wenza wasiopatana.

Kundi la kwanza ni la njaa. Linatoa protini ndogo mbili: NPY na AgRP. NPY iligunduliwa mwaka 1982 huko Stockholm, ikitolewa kwenye ubongo wa nguruwe. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba panya akiwekewa kidogo tu kichwani, anakula kama hajawahi kuona chakula, hata kama ametoka kula sasa hivi.

Kundi la pili ni la shibe. Linatengeneza protini kubwa iitwayo POMC, ambayo inakatwa vipande. Kipande kimoja huenda kubonyeza kitasa kiitwacho MC4R, na kitasa kikibonyezwa, hamu ya kula inashuka na mwili unatumia nguvu zaidi. AgRP ya lile kundi la njaa kazi yake ni kukizuia kitasa hicho kisibonyezwe.

Akiba ikiwa nyingi, leptini inalituliza kundi la njaa na kulipa nguvu kundi la shibe. Akiba ikishuka, leptini inashuka, na kundi la njaa linapiga kelele. Tumbo nalo lina sauti yake: mwaka 1999 Wajapani Kojima na Kangawa waligundua ghrelini, homoni inayotoka tumboni na kuongeza njaa.

Mwaka 1998 timu za Ufaransa na Uingereza zilikuta familia ambazo unene wao ulitokana na hitilafu kwenye MC4R. Mtoto mwenye hitilafu hiyo anahisi njaa ya kweli, kama unavyoihisi wewe ukiwa umefunga na bado saa tatu adhana ilie. Kumwita mlafi ni kumwonea.

SEHEMU YA 7: Kazi halisi ya leptini

Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za binamu wawili waliozaliwa na uzito wa kawaida, kisha wakanenepa kwa kasi ya kutisha. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Walilia chakula muda wote. Wazazi wao walikuwa wa ukoo mmoja, na watoto walikuwa wamerithi jeni mbovu ya leptini kutoka pande zote mbili. Walikuwa kama panya ob.

Fikiria mama yao. Fikiria aliyoambiwa na majirani, na hata hospitalini, kwa miaka yote ile.

Msichana alianza kudungwa leptini. Njaa ikatulia ndani ya siku chache, na kwa mwaka mmoja akapungua zaidi ya kilo 16, karibu zote zikiwa mafuta. Akaweza kukaa mezani na kula kama watoto wengine. Hakuna aliyemfundisha msimamo. Alipewa protini aliyoikosa.

Sasa dunia ikashangilia: dawa ya unene imepatikana! Kampuni ya Amgen ilikuwa tayari imelipa dola milioni 20 kupata haki ya kuitumia leptini. Lakini vipimo vikaonyesha kwamba watu wengi wanene wana leptini nyingi tayari, na ubongo wao haiusikilizi ipasavyo. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 1999 lilitoa matokeo madogo. Barua ya ziada haimsaidii asiyesoma zile alizonazo.

Ndipo wanasayansi wakaligeuza swali. Mwaka 1996 watafiti wa Boston waliwanyima panya chakula, leptini yao ikaanguka. Jike walichelewa kupevusha mayai, homoni za tezi ya shingo zikashuka. Waliporudishiwa leptini, bila chakula, madhara hayo yalipungua. Kumbe kazi kubwa ya leptini ni kupiga king'ora cha njaa. Ikishuka, ubongo unaamuru: punguza matumizi, ahirisha uzazi, tafuta chakula. Kwa karne nyingi mwanadamu aliuawa na njaa mara nyingi zaidi kuliko unene, na mlinzi huyu alizoea adui huyo.

Na hapa historia inafika kwetu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto wenye utapiamlo mkali waliolazwa Mulago, Kampala. Waliokuwa na leptini ya chini kabisa ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Protini iliyotafutwa kwa sababu ya panya wanene ikawa inatuambia habari za mtoto wetu mwembamba kuliko wote.

SEHEMU YA 8: Nyumbani kwako

Basi tuyalete jikoni.

Mama unayenyonyesha: mwili wako unahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Njaa ya saa nane usiku ni amri halali. Kula. Mtori, uji wa lishe, maharage, dagaa, mayai, matunda. Ukijinyima kwa nguvu baada ya kujifungua, king'ora kinalia. Mwaka 1995 watafiti wa Rockefeller walipima watu waliopungua asilimia 10 ya uzito, wakakuta miili yao inatumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa ule. Punguza taratibu, kwa miezi, kwa chakula cha kawaida na kutembea.

Baba, na wewe soma hapa: usingizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 wa kiume saa nne tu za kulala, usiku mbili mfululizo. Leptini ikashuka asilimia 18, ghrelini ikapanda asilimia 28, wakatamani wanga na vitamu. Usiku mbili tu! Mkeo yuko mwezi wa tatu hivyo. Mbebe mtoto saa mbili alale, utakuwa umefanya zaidi ya kumnunulia chai ya kupunguza tumbo.

Vidonge vya leptini mtandaoni: leptini ni protini, ukiimeza inameng'enywa kama nyama. Ni kama insulini, lazima idungwe. Hela yako nunua samaki.

Sindano za kupunguza uzito zinazovuma sasa zinaiga homoni nyingine ya utumbo. Ni dawa za kweli kwa wanaozihitaji, chini ya daktari. Siyo za kununua kwa dada wa WhatsApp, na siyo za mjamzito. Anayetumia semaglutide na anataka mimba anatakiwa kuacha angalau miezi miwili kabla.

Mtoto mnene: usimwite Bonge mbele ya wageni, usimnyime chakula wenzake wakila. Badilisha chakula cha nyumba nzima, soda na juisi za pakiti zipungue, acheze, alale mapema. Lakini kama alianza kunenepa kwa kasi kabla ya miaka mitano na hashibi kamwe, mlete hospitali aonwe na daktari wa watoto. Hitilafu za jeni ni chache, ila zipo.

Mtoto anayekonda na amekataa chakula, huyu ndiye anayeninyima mimi usingizi. Tukikuta utepe wa mkono uko kwenye nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, tunampa chakula dawa palepale tuone anakula kiasi gani. Akila vizuri na hana tatizo jingine, anatibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, tunamlaza. Unajua sasa kwa nini: mtoto aliyekonda anatakiwa kuwa na njaa kali. Njaa ikinyamaza kwenye mwili usio na akiba, kuna kitu kimeharibika ndani, mara nyingi maambukizi. Usiseme anadeka. Usisubiri wiki iishe. Miguu yote miwili ikivimba pia, njoo leo.

Coleman alifariki mwaka 2014, akiwa ameishi kuona wenzake wakimkubali. Watoto wetu hawana miaka 20 ya kusubiri tuwaamini. Kesho mtoto akisema bado ana njaa, au akisukuma bakuli, kabla hujampa jina, mtazame. Mpime. Muulize. Kisha uje na kadi yake kliniki.

Maswali weka hapa chini, nitajibu nikitoka zamu. Na mtumie yule wifi.